Filamu moja yaweza kuwa ya tanzu ngapi, na nani anayeamua?

mkutubi_wa_picha

Wanajukwaa, salaam. Nimekabidhiwa kazi ya kupanga mkusanyo wa kikundi chetu cha watazamaji, filamu zipatazo 400, ili mwanachama anayetafuta picha ya kutazama aweze kuipata bila kupekua rafu zote. Nilianza na mafungu saba ambayo kila mmoja wetu anayafahamu tangu utotoni: mapigano, vichekesho, mapenzi, kutisha, bunilizi za kisayansi, katuni na filamu za makala. Zilizobaki, yaani zile nzito zinazohusu maisha ya watu, niliziweka kwenye fungu la nane nililoliita drama. Filamu 100 za kwanza zilikwenda vizuri kiasi kwamba nilidhani kazi ingekwisha kwa siku mbili.

Iliyonikwamisha ni Alien, filamu ya mwaka 1979 iliyoongozwa na Ridley Scott. Kwa kuwa ina chombo cha anga, ina safari kati ya nyota na ina kiumbe kutoka sayari nyingine, niliiweka kwenye bunilizi za kisayansi bila kufikiri mara mbili. Mwenzangu aliiondoa akaipeleka kwenye rafu ya kutisha, akinieleza kwamba hadithi ya watu saba waliofungiwa mahali pamoja na kiumbe kinachowaua mmoja baada ya mwingine ni hadithi ya kutisha, hata kama nyumba yao inaelea angani. Nilimsikiliza nikaona ana hoja. Nikairudia hoja yangu nikaona nami sijakosea. Tangu siku hiyo kila filamu ninayoishika naiona inafaa kukaa mahali pawili.

Nilisoma fasihi, na huko tulifundishwa kwamba kazi ina utanzu wake na utanzu una vipera vyake: methali ni kipera cha semi, ngano ni kipera cha hadithi, na darasani hapakuwa na ubishi. Je, filamu nazo zina mpangilio wa namna hiyo? Kigezo ni kipi hasa, na nani mwenye kauli ya mwisho? Na hilo fungu la drama lina maana gani, ikiwa karibu kila filamu ya kubuni ina mgogoro na ina waigizaji?

Mwalimu wa Tamthilia

Ndugu mkutubi, ninyi wawili mmekuwa mkijibu maswali mawili tofauti mkidhani ni moja, na kosa si lenu. Limo ndani ya majina yenyewe tunayoyatumia.

Hebu yatazame. Ukisema filamu ni ya kutisha au ni ya vichekesho, umeeleza inamfanya nini mtazamaji. Ukisema ni picha ya kauboi, hujagusa hisia hata kidogo. Umetaja mandhari, yaani magharibi ya Marekani, hasa katika nusu ya pili ya karne ya 19. Filamu ya vita hutambulishwa kwa jambo inalolizungumzia. Katuni hutambulishwa kwa jinsi picha zake zilivyotengenezwa, filamu ya muziki kwa namna wahusika wanavyojieleza, na filamu ya makala kwa ahadi yake kwamba kilicho mbele ya kamera kilitokea kweli. Majina haya yamekaa kwenye orodha moja kama ndugu wa tumbo moja, lakini kila moja lina ukoo wake. Kwa hiyo kubishana kama Alien ni bunilizi ya kisayansi au ni ya kutisha ni sawa na kubishana kama shati ni jekundu au ni la pamba. Mandhari yake ni ya kisayansi, na kazi yake kwa mtazamaji ni kutisha.

Kuhusu drama, mkanganyiko unatokana na neno moja kubeba mizigo miwili. Darasani kwangu drama ni sanaa nzima ya maigizo, nasi huigawa katika tanzia (maigizo ya huzuni), futuhi (ya kuchekesha), ramsa (vichekesho vilivyotiwa chumvi), melodrama (ya kuamsha hisia kali na machozi) na kadhalika. Kwenye biashara ya filamu, drama limekuwa jina la filamu makini inayohusu watu na mahusiano yao, ambayo haina alama nyingine ya wazi ya kuitambulisha. Ni fungu la mabaki, ijapokuwa humo ndani mna kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona.

Kigezo cha hisia ndicho ninachokitegemea zaidi, na ni cha zamani sana: Aristotle alipoieleza tanzia aliitaja kwa huruma na hofu inayoziamsha. Futuhi nayo aliahidi kuieleza, ila sehemu hiyo haikutufikia, na hadi leo nasikitika kila ninapofika ukurasa huo na wanafunzi.

Nakala za Kale

Nakubaliana na Mwalimu, lakini kuna jambo ambalo mpangilio wowote wa rafu hulificha, nalo ni kwamba mara nyingi jina la utanzu huja baada ya filamu zenyewe. Wanaozitengeneza hawalijui bado.

Chukua The Great Train Robbery, filamu ya takriban dakika 12 ambayo Edwin S. Porter aliitengenezea kampuni ya Edison mwaka 1903. Leo karibu kila kitabu kitakuambia kwamba ni miongoni mwa picha za kwanza za kauboi. Ina bastola, farasi, majambazi na msako msituni. Hata hivyo, wanahistoria wa filamu, hasa Charles Musser, wameonyesha kwamba watazamaji wa wakati ule hawakuwa na fungu hilo vichwani mwao. Walichokijua ni picha za safari za treni, ambazo zilipendwa sana, na picha za uhalifu na kufukuzana. Na wizi wa treni ulikuwa bado habari ya siku zile, si kumbukumbu ya enzi iliyopita. Kuna shoti, yaani kipande cha picha kisichokatwa, moja maarufu ya jambazi mwenye masharubu anayeitazama kamera uso kwa uso na kuifyatulia risasi. Katalogi ya kampuni iliwaeleza wenye kumbi kwamba wangeweza kuiunganisha mwanzoni au mwishoni, wapendavyo. Wazia hilo: utanzu ulikuwa mbichi kiasi kwamba hata mahali pa shoti hiyo hapakuwa pameamuliwa. Picha za kauboi zilipokuja kuongezeka na kupata jina lao, jina likarudi nyuma na kuifunika filamu ambayo haikuwahi kulijua.

Mfano wa pili unanigusa zaidi. Ufaransa ilipokuwa chini ya Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili, filamu za Marekani zilizuiwa. Vita vilipokwisha zikaingia kwa mkupuo, na mwaka 1946 wakosoaji wa Paris walijikuta wakitazama ndani ya wiki chache kazi ambazo Wamarekani wenyewe walikuwa wamezitazama moja moja kwa miaka kadhaa. Kwa kuziona kwa pamoja, waliona kitu kilichoziunganisha: vivuli vizito, usiku, mwanamume anayeponzwa na tamaa yake, sauti ya msimulizi anayejua kwamba ameshapotea. Mkosoaji Nino Frank akaziita noir, yaani nyeusi, kwa mwangwi wa vitabu vya uhalifu vya Série noire ambavyo shirika la Gallimard lilikuwa limeanza kuvichapisha mwaka 1945. Mwongozaji kama Billy Wilder, alipotengeneza Double Indemnity mwaka 1944, hakuwa akitengeneza noir, kwa sababu neno hilo halikuwa katika msamiati wa studio yoyote ya Hollywood. Magazeti ya biashara ya filamu yalikuwa yakiziita picha za namna hiyo melodrama, neno ambalo kwao halikumaanisha machozi bali uhalifu na misukosuko.

Waitalia nao wana giallo, yaani njano. Mwaka 1929 shirika la Mondadori lilianza kutoa riwaya za upelelezi zenye majalada ya rangi hiyo, rangi ikawa jina la riwaya, kisha jina la filamu za mauaji na mafumbo. Nani aliamua? Mchapishaji alichagua rangi, wasomaji wakalibeba jina, na watengenezaji wa filamu wakalirithi.

Nina tahadhari moja kwa Mwalimu. Mandhari pekee hayatoshi hata kwa picha ya kauboi. Mwaka 1954 Akira Kurosawa alitoa filamu ya wanakijiji wa Japani wanaoajiri samurai saba ili walinde mavuno yao dhidi ya majambazi. Mwaka 1960 John Sturges aliihamishia hadithi hiyohiyo kwenye kijiji cha Meksiko, panga zikawa bastola, na ikakubalika kuwa picha ya kauboi isiyo na dosari. Kijiji ni kilekile, hofu ya msimu wa mavuno ni ileile, na upweke wa watu wa silaha ambao hawatapata makazi hata wakishinda ni uleule. Mnadharia Rick Altman aliliweka vizuri mwaka 1984 alipopendekeza tuzitazame tanzu kama tunavyoitazama lugha: kuna msamiati, yaani farasi, kofia, jangwa, bastola; na kuna sintaksia, yaani jinsi vitu hivyo vinavyopangwa ili kuleta maana. Sturges alibadilisha msamiati, sintaksia akaiacha karibu kama alivyoikuta. Kwa kipimo hicho Alien ina msamiati wa safari za anga na sintaksia ya nyumba yenye jinamizi, na nadhani mwenzako wa rafu ya kutisha aliisikia sintaksia hiyo hata bila kuitaja.

Mhariri wa Picha

Nimefanya kazi ya uhariri kwa miaka mingi, na ningependa kuongeza kile tunachokiona sisi tunaokaa na vipande kabla havijawa filamu. Utanzu kwetu ni namna ya kugawa muda na kugawa habari. Unaweza kubadilika mezani bila mwigizaji kuitwa tena.

Niliwahi kuhariri filamu fupi ya wanafunzi yenye tukio dogo: mzee anaamka usiku, anasikia kitu kikianguka jikoni, anashuka ngazi akiwa na fagio mkononi, anafungua kabati, na paka anaruka nje. Mwongozaji alitaka watu waogope. Katika toleo la kwanza tuliubakiza mgongo wa mzee kwenye ngazi kwa sekunde tisa nzima, bila muziki, tukaacha mngurumo wa jokofu peke yake. Tulipowaonyesha wenzetu, chumba kizima kilinyamaza, na mlango wa kabati ulipofunguka mmoja aliinua miguu kutoka sakafuni. Kwa kujaribu tu, tukatengeneza toleo la pili kwa shoti zilezile: tukatanguliza paka akiwa kabatini anakula, ndipo tukaonyesha mzee akishuka kwa tahadhari na fagio lake. Watu walicheka tangu ngazi ya kwanza. Hatukupiga picha mpya wala hatukuongeza neno; tulichokifanya ni kumpa mtazamaji siri mapema.

Mtu anaweza kuhitimisha kwamba anayejua zaidi ya mhusika hucheka, na asiyejua huogopa. Sivyo. Mwongozaji Alfred Hitchcock alizoea kueleza mfano wa bomu chini ya meza: likilipuka ghafla, umempa mtazamaji sekunde 15 za mshangao, lakini ukimwonyesha bomu kwanza, kisha ukawaacha watu wazungumze mambo ya kawaida mezani, umempa dakika 15 za taharuki. Hapo mtazamaji anajua zaidi ya wahusika na hacheki hata kidogo. Siri ikihusu bomu huleta taharuki, ikihusu paka huleta kicheko, kwa sababu mtazamaji huwa ameshapima madhara kabla ya mhusika.

Kwa hiyo, ndugu mkutubi, ningekushauri uongeze fungu la taharuki, ambalo umelisahau. Filamu nyingi utakazolazimika kuzisukumia kwenye mapigano au kutisha ni za huko. Katika filamu ya kutisha kinachokuja mara nyingi hakieleweki, na akili yako inakataa kwamba kinaweza kuwapo. Katika ya taharuki tishio linaeleweka kabisa. Kinachokukosesha usingizi ni saa inayokwenda.

Mlezi

Naomba niseme jambo moja tu, nalo ni kuhusu rafu ya katuni. Tafadhali iondoe.

Kikundi tulichokuwamo kilikuwa na rafu kama hiyo, na mtoto wa miaka saba alichukua kutoka humo filamu ya Kijapani ya mwaka 1988 iliyoongozwa na Isao Takahata, Grave of the Fireflies. Imechorwa kwa mkono, na jalada lake lina watoto wawili na vimulimuli. Ni filamu ya vita kuhusu kaka na mdogo wake wanaokufa kwa njaa. Mtoto alilia usiku ule na usiku uliofuata, na aliyemwachia aichukue hakuwa mzembe, aliiamini rafu. Filamu hiyo naipenda mno, na ndiyo sababu inaniuma kuona ilivyokutana na mtazamaji wake kabla ya wakati.

Uhuishaji ni njia ya kutengeneza picha. Kwa njia hiyo kuna vichekesho, kuna vita, na kuna hata filamu za makala, kama Waltz with Bashir ya mwaka 2008. Na msichanganye utanzu na rika. Uingereza wamekuwa na bodi ya kuzipanga filamu kwa kufaa kwa watazamaji tangu mwaka 1912, na Marekani walianza mfumo wao wa madaraja ya umri mwaka 1968. Katika nchi zote mbili daraja hilo huwa ni alama ya pekee, kwa sababu utanzu hauwezi kuifanya kazi hiyo.

mkutubi_wa_picha

Nawashukuru sana, na hasa wewe Mlezi, kwa sababu filamu hiyo unayoitaja ilikuwa kwenye rafu yangu ya katuni hadi leo asubuhi. Imeshatoka.

Baada ya kuwasoma nimebadilisha utaratibu wote. Kila filamu sasa ina kadi yenye mistari minne: hisia kuu inayoiamsha, ulimwengu wa hadithi, namna ilivyotengenezwa, na rika. Rafu inaamuliwa na mstari wa kwanza peke yake, na mistari mingine inaonyeshwa kwa vibandiko vya rangi. Alien imekwenda kwenye kutisha ikiwa na kibandiko cha bunilizi za kisayansi, na mwenzangu ameridhika. Filamu za makala nimeziachia rafu yao, maana wanaozitafuta huanza na swali la kama jambo lilitokea kweli, si la hisia.

Nimebaki na matatizo mawili. La kwanza ni filamu za Kihindi zinazoitwa masala, ambazo ndani ya saa tatu zina mapenzi, ngumi, nyimbo, vichekesho vya mtumishi wa nyumbani na machozi ya mama aliyepotezana na wanawe. Hisia kuu ni ipi hapo? La pili nalisema kwa kusitasita kwa sababu wengine huenda hawajaiona: Psycho ya mwaka 1960. Inaanza na mwanamke aliyeiba dola 40,000 anayekimbia kwa gari, na kabla ya filamu kufika nusu yake inakuwa kitu kingine kabisa.

Mwalimu wa Tamthilia

La masala ni jepesi kuliko unavyodhani, kwa sababu jina lenyewe limekujibu. Masala ni mchanganyiko wa viungo, na kanuni ya filamu hizo ni kwamba mtazamaji apitishwe katika hisia zote kwenye kiti kimoja. Kuzitafutia hisia moja kuu ni kuzipima kwa kigezo ambacho hazikukusudia kukitimiza. Zipe rafu yao yenye jina hilohilo, wala usiiite fungu la mabaki; mwongozaji anayeweza kukutoa kwenye kicheko hadi kwenye msiba kwa wimbo mmoja anafanya kazi ngumu sana.

Nakala za Kale

Kuhusu Psycho, kumbuka kwamba ilipotolewa, Hitchcock alisisitiza mtu yeyote asiruhusiwe kuingia ukumbini baada ya filamu kuanza. Mabadiliko hayo ya utanzu katikati ya safari ndiyo yaliyokuwa siri yake, na alitaka kila mtazamaji ayafikie akiwa hajajiandaa. Ukiiweka kwenye kutisha hutakuwa umekosea, lakini mwanachama mpya atakayeichukua kutoka hapo atakaa dakika zote za mwanzo akisubiri jinamizi, na hatamwogopea yule mwanamke kwa ajili ya zile fedha na yule askari wa barabarani anayemchungulia dirishani. Rafu itakuwa imemsimulia filamu kabla hajaitazama.

mkutubi_wa_picha

Hilo la rafu kumsimulia mtu filamu sikuwa nimelifikiria. Nimeiweka kwenye taharuki, ambako ni ya kweli tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho. Mstari wa rika nimeujaza kwa herufi kubwa, na mahali pa kibandiko nimepaacha patupu.